Mtoto akiumia goti kiwanjani: kupasuliwa, au kungoja?



Juma lililopita tuliahidi kuandika juu ya watoto wanaokataa kusoma kwa sauti mbele ya wenzao. Hatujasahau, tutarudi huko. Lakini kisha mkutano wa vikundi wamama watatu walitufuata, kila mmoja kwa siri yake, na wote wakauliza swali moja: mtoto akiumia goti kwa mpira, ni lazima apasuliwe? Mmoja alikuwa tayari amepata mtu wa kununua mtumbwi. Kwa hiyo mambo ya kusoma yangoje.

Tuanze na kisa tulichokiona kwa macho yetu. Mwezi wa sita, kabla ya likizo kubwa, wasichana wetu wa masomo walicheza na timu ya kijiji jirani. Kiwanja mnakijua, upande mmoja mchanga, upande mwingine changarawe. Binti mmoja wa miaka 15, aliye mwepesi kuliko wote, alikuwa anakimbia na mpira, akataka kugeuka ghafla. Hakuna aliyemgusa. Mguu ulibaki umekanyaga, mwili ukageuka, goti likabaki katikati bila kujua limfuate nani. Wenzake waliokuwa karibu walisema walisikia sauti kama kijiti kikivunjika. Akaanguka.

Na sisi walimu tuliokuwa pembeni tulifanya nini? Tunaandika hili kwa aibu. Tulimwambia, “Simama mwanangu, jikaze, mechi bado.” Akasimama, akapiga hatua mbili tatu, akajaribu kukimbia, goti likamtoroka mara ya pili. Kabla jua halijazama lilikuwa limevimba kama papai.

Nyumbani nyanya yake akamwita mkandaji. Maji ya moto, majani, kukanda kwa nguvu mpaka mtoto akalia, halafu vijiti viwili vikafungwa kwa kamba, vikakazwa sana. Usiku wa pili vidole vya mguu vikawa baridi, akasema havisikii. Mama yake hakungoja ruhusa ya mtu, alichukua kisu cha samaki akakata zile kamba. Mama huyo hakusoma zaidi ya darasa la nne, na siku ile aliona mbele kuliko sisi wenye diploma.

Asubuhi wakapanda pikipiki. Hospitali walikofika walipiga picha ya mfupa, ile tunayoiita radio, wakaambiwa: “Mfupa ni mzima, hakuna kitu, nenda nyumbani.” Hatutaitaja hospitali hiyo, maana wauguzi wake wanafanya kazi kubwa kwa vifaa vichache. Lakini neno “hakuna kitu” halikuwa la kweli. Picha ile huonyesha mfupa. Vitu vilivyochanika ndani ya goti haionyeshi.

Majuma matatu yakapita. Uvimbe ukapungua, binti akaanza kutembea. Kila akishuka kwenda ziwani kuchota maji, goti likamwachia. Mwishowe kine mmoja, mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyekuwa anapita, akamlaza, akakunja goti kidogo, akashika paja kwa mkono mmoja na mguu wa chini kwa mkono mwingine, akavuta mbele kwa upole. Mguu ulikuja mbele kama droo ya meza. Akasema: “Kamba ya ndani imekatika.”

Habari ikafika kwa mjomba. Kama jamaa nyingi zetu zilizopitia kambi ya Nyarugusu, sehemu ya ukoo ule iko Marekani sasa. Mjomba akapiga simu: huku mtoto akikatika kamba ya goti anapasuliwa, asipopasuliwa atakuwa kilema, uzeni mtumbwi na wavu mumpeleke mbali. Mtumbwi huo ndio unaolisha watu tisa. Baba akanyamaza. Mama akaja kwetu na swali, na sisi tukakiri kwamba hatukuwa na jibu. Tukaenda kusoma na kuuliza.

Kwanza tuelewe goti lenyewe. Ni mahali mfupa wa paja unapokutana na mfupa wa mguu wa chini, na mbele yake kuna pia, ile ngao ndogo ya mviringo. Mifupa hiyo haikushikana kama bawaba ya mlango, imekaa mmoja juu ya mwingine na kufungwa kwa kamba nne ngumu. Mbili ziko pembeni, moja kila upande. Mbili ziko ndani kabisa, zimepishana kama msalaba. Ile ya mbele ya msalaba ndiyo inayozuia mguu wa chini usiteleze kwenda mbele, na hiyo ndiyo hukatika mchezaji anapogeuka ghafla au kutua vibaya kisha kuruka. Katikati ya mifupa kuna vitako viwili laini vya umbo la mwezi mwandamo, vinaitwa meniski, kazi yao ni kupokea uzito. Navyo huchanika, mara nyingi pamoja na kamba.

Alama ni hizi. Mtoto akisikia sauti ndani ya goti, na goti likavimba ndani ya saa chache, maana yake mara nyingi damu imemwagika ndani, kitu kimechanika. Uvimbe unaokuja kesho yake, polepole, mara nyingi ni jambo dogo zaidi. Goti likikwama, haliwezi kunyooka hata kwa kulivuta taratibu, yawezekana kipande cha meniski kimeingia katikati kama jiwe mlangoni. Na kuna hatari moja isiyongoja hata mapambazuko: goti likitoka kabisa mahali pake, umbo likapotoka, mshipa mkubwa wa damu unaopita nyuma ya goti unaweza kukatika au kubanwa. Mguu ukiwa baridi, umepauka, hausikii, hesabu ni ya saa. Zikipita kama sita au nane bila damu kupita, mguu unaweza kupotea.

Sasa kupasuliwa. Watu wanalisema neno hilo kana kwamba ni jambo moja, kumbe ni mengi, na yana historia ndefu.

Mwaka 1895, mjini Leeds huko Uingereza, daktari Arthur Mayo Robson alifungua goti la mchimba makaa akashona kamba zake zilizokatika kwa uzi. Wengine wakamfuata, lakini baadaye ikaonekana kwamba kushona ncha mbili hakudumu kwa wengi. Ndani ya goti kuna maji ya kulainisha, nayo huzuia damu kuganda mahali pa jeraha, na pasipo damu iliyoganda kidonda hakishikani. Ndiyo maana kamba ya pembeni ikichanika hupona yenyewe mara nyingi, na ile ya ndani ni shida. Mwaka 1917 Mwingereza mwingine, Hey Groves, akaja na wazo la kuacha kushona na kuweka kamba mpya, iliyokatwa katika utando mgumu wa paja la mgonjwa mwenyewe. Wazo hilo ndilo linalotumika hata leo, ila vifaa vimebadilika.

Wajapani nao walifungua mlango mwingine. Mwaka 1918 daktari Kenji Takagi wa Tokyo aliingiza bomba la kutazamia ndani ya goti la maiti. Mwanafunzi wake, Masaki Watanabe, akaendelea mpaka mwaka 1962 akatoa kipande cha meniski iliyochanika kwa kupitia tundu dogo, bila kufungua goti zima. Kazi hiyo inaitwa athroskopi. Leo daktari anatoboa matundu mawili au matatu, kila moja kama tundu la kifungo cha shati. Katika moja anaingiza kijiti chembamba kama kalamu chenye taa na kamera, katika mengine vyombo vyake, naye anatazama kazi yake katika televisheni.

Kwa kamba iliyokatika anafanya hivi. Anachukua kano moja au mbili nyembamba za nyuma ya paja, au ukanda wa kano iliyo chini ya pia pamoja na vipande vidogo vya mfupa. Mwili unaweza kuishi bila hizo. Anazikunja na kuzishona ziwe kamba moja nene. Kisha anatoboa njia katika mfupa wa chini na nyingine katika mfupa wa paja, anaivuta ile kamba mpya ipite mahali pa kamba ya zamani, na kuikaza kwa skrubu au kifungo cha chuma. Kazi yenyewe haichukui siku nzima, mara nyingi ni saa moja au mbili.

Lakini, wamama, hapa ndipo wengi wanadanganyika. Kamba ile ikishawekwa, bado haijawa kamba. Miezi ya kwanza mwili unaivunjavunja na kuijenga upya, mishipa ya damu inaingia ndani yake polepole, na kwa muda inakuwa dhaifu kuliko siku ilipowekwa. Mtoto anaona hana maumivu, anadhani amepona, anakimbilia kiwanjani, inakatika. Utafiti wa Norway na Marekani uliotangazwa mwaka 2016 uliona kwamba kila mwezi mmoja mchezaji anaoongeza kungoja, mpaka mwezi wa tisa, hatari ya kuumia tena inashuka kwa karibu nusu.

Mnamkumbuka Yannick Bolasie, yule winga wa Leopards? Vijana wetu walikuwa wanaandika jina lake mgongoni mwa shati kwa makaa. Tarehe 4 Desemba 2016, akiichezea Everton dhidi ya Manchester United, alikata kamba hiyo. Akakosa Kombe la Afrika la Januari 2017 kule Gabon. Alirudi uwanjani tarehe 26 Desemba 2017, zaidi ya mwaka mzima, naye alikuwa na madaktari, makine, chakula, kitanda, na hakuwa anachota maji ziwani. Mtu akikuahidi kwamba mwanao atapasuliwa na kucheza baada ya miezi mitatu, mwulize kama anamzidi daktari wa Everton.

Na meniski je? Zamani madaktari waliitoa yote, wakidhani haina kazi. Mwaka 1948 Mwingereza Fairbank alionyesha kwa picha za mifupa kwamba magoti yaliyotolewa meniski yanabadilika na miaka, mifupa inaanza kusagana. Sasa daktari mzuri anatoa kipande kidogo tu kilicholegea, au akiweza anaishona, hasa kwa mtoto, kwa sababu kwa mtoto hupona vizuri zaidi. Goti lililokwama halifai kungoja miezi. Hilo ni la kupeleka kwa daktari wa mifupa mapema.

Turudi kwa kamba ya msalaba na mtumbwi wa watu. Huko Sweden walifanya jambo la busara. Walichukua watu 121, vijana na watu wazima wa miaka 18 mpaka 35, wote wamekata kamba hiyo. Nusu walipasuliwa mapema. Nusu nyingine, watu 59, walipewa mazoezi kwanza, wakaambiwa: ukishindwa tutakupasua baadaye. Matokeo yalitangazwa mwaka 2010. Kisha miaka miwili, 23 kati ya wale 59 walikuwa wameomba kupasuliwa, waliobaki hawakuhitaji. Na walipoulizwa juu ya maumivu, juu ya kazi, juu ya mchezo, makundi mawili yalilingana. Kisha miaka mitano, karibu nusu ya kundi la mazoezi walikuwa bado hawajapasuliwa.

Tulisoma hesabu hiyo mara tatu. Hawa ni watu wa nchi yenye hospitali kila mahali, na bado wengi wao walipona kwa jasho. Ni kweli walikuwa watu wazima, na binti yetu ana miaka 15. Kwa watoto wanaokua kuna jambo la ziada: karibu na goti kuna mstari laini ambamo mfupa unaongezeka urefu, na daktari asiye na ujuzi wa watoto akitoboa hapo vibaya, mguu unaweza kukua kombo au ukawa mfupi. Upande mwingine, mtoto ambaye goti linamwachia kila juma anaharibu meniski zake kila linapomwachia. Kwa hiyo hatusemi upasuaji ni mbaya. Tunasema kamba hii si jambo la dharura, haimuui mtu, haidai uuze mtumbwi juma hili. Kuna muda wa kujaribu, na kujaribu kwenyewe kunasaidia hata atakayepasuliwa baadaye, maana goti lenye paja lenye nguvu hupona vizuri zaidi.

Basi tukakaa na mama, baba na nyanya. Nyanya alikuwa amekasirika, alidhani tunakuja kumshtaki. Tulimwambia, “Nyanya, mikono yako imepokea nusu ya watoto wa kijiji hiki, hatukuja kwa vita. Tunakuomba uwe mwalimu wa mazoezi.” Akatutazama sana. Akakubali, kwa sharti kwamba asiambiwe na mtu namna ya kuhesabu.

Kine alituonyesha na sisi tuliandika. Mwanzo, kukaa na mguu umenyooka na kukaza msuli wa juu ya goti mpaka pia ipande, kushika kwa hesabu ya kumi, kuachia. Kuinua mguu ulionyooka. Kuvuta kisigino kwenye mkeka kuelekea matako, taratibu, mpaka goti likunjike sawa na lile zima. Juma kwa juma yakaongezeka: kulala chali na kuinua kiuno, kukaa na kusimama kutoka kwenye kigoda bila kushika kitu, mwanzo kigoda kirefu halafu kifupi. Kisha kusimama kwa mguu mmoja, macho wazi, baadaye macho yamefungwa. Hayo yote hayadai franka moja. Yanadai kila siku, na hapo ndipo ugumu ulipo, kwa sababu kisha juma la pili mtoto anachoka na mama yuko shambani kwenye mihogo.

Sasa ni mwezi wa saba tangu aumie. Binti anachota maji, anapanda kilima cha masomo, na tangu mwezi wa nne goti halijamwachia. Anataka kurudi kiwanjani. Sisi tumesema bado. Kine atampima kwa kuruka: mguu ulioumia ukishindwa kuruka mbali karibu sawa na ule mzima, hachezi. Na goti likianza tena kumwachia, tutarudi kwenye swali la upasuaji, safari hii tukiwa na muda wa kukusanya.

Juu ya mahali pa kupasuliwa, mkiulizwa mjue haya. Hospitali zetu za hapa karibu zinaweza kunyoosha mfupa, kuweka plata, kushona jeraha, na hizo ndizo za kuanzia siku zote. Kujenga kamba ya goti ni kazi ya daktari wa mifupa mwenye vifaa vyake. Goma kuna hospitali ya HEAL Africa, iliyoanzishwa mwaka 2000 na daktari wa mifupa Jo Lusi na mke wake Lyn, aliyefariki mwaka 2012. Ng’ambo ya ziwa, Dar es Salaam, kuna taasisi ya mifupa ya Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa mwaka 1996. Njia ya Goma mnajua hali yake, na Dar ni mbali. Bei hatuandiki, zinabadilika, na mtu asije akatushika shati. Kabla ya kuuza kitu, ulizeni mambo matatu: daktari huyo amefanya kazi hii kwa watoto mara ngapi, nani atamfanyisha mazoezi mtoto akirudi Swima, na bei hiyo ina kulala, dawa na safari za kurudi kupimwa au haina. Upasuaji usio na mazoezi nyuma yake ni kama kununua wavu bila kuwa na mtu wa kuuvuta.

Mguu wa chini tutaupitia haraka. Kifundo cha mguu ndicho kinachoumia kuliko vyote, mtoto akikanyaga kombo. Wengi hawahitaji kisu wala plata. Mwaka 1992 daktari Ian Stiell na wenzake wa Ottawa, Canada, walitoa kanuni rahisi ya kujua nani apigwe radio, na mama anaweza kuitumia nyumbani. Bonyeza kwa kidole nyuma ya ile mifupa miwili inayojitokeza pande mbili za kifundo, kuanzia ncha kupanda juu kama vidole vitatu au vinne. Bonyeza pia mfupa wa pembeni mwa unyayo, katikati upande wa kidole kidogo, na mfupa unaojitokeza upande wa ndani wa unyayo. Kama mfupa wenyewe unauma ukibonyezwa, au mtoto hawezi kupiga hatua nne hata kwa kuchechemea, aende kwa radio. Kama hakuna hata moja, uwezekano wa mfupa kuvunjika ni mdogo sana, tunza nyumbani.

Ule mfupa wa pembeni una kisa chake. Daktari Robert Jones wa Liverpool aliuvunja wa kwake mwenyewe akicheza dansi, akaandika juu yake mwaka 1902, na mpaka leo kuvunjika huko kunaitwa kwa jina lake. Kunapona polepole kwa sababu damu ni kidogo pale, na kwa wachezaji madaktari wengi huweka skrubu moja ndefu ndani ya mfupa.

Kano ya kisigino nayo ikikatika, mtu husema amepigwa teke nyuma, akigeuka haoni mtu. Hii huwapata zaidi akina baba wanaorudi kucheza mpira sikukuu moja kwa mwaka, tunawajua. Mlaze kifudifudi, miguu ikining’inia nje ya kitanda, minya nyama ya nyuma ya mguu. Unyayo ukisogea, kano ipo. Usiposogea, imekatika. Inaweza kushonwa, na inaweza pia kupona kwa plata au kiatu maalumu, unyayo ukielekezwa chini, mradi aanze mapema. Akicheleweshwa miezi, kazi inakuwa ngumu.

Siku ya kwanza ya kuumia fanyeni hivi. Mtoto atoke kiwanjani, asirudi. Barafu hatuna, lakini maji ya mtungi tunayo: kitambaa kilicholowa, robo saa, tena na tena. Bandeji isiyobana, mguu uinuliwe juu ya mto. Maji ya moto na kukanda kwa nguvu viache siku tatu za kwanza, vinaongeza damu ndani. Kijiti cha kushikiza si kosa, kosa ni kukaza. Vidole viachwe wazi muvione, na vikiwa baridi, vikibadilika rangi, au maumivu yakizidi kila saa, kata kamba kama alivyofanya yule mama, halafu hospitali. Na goti linalouma usiku bila mtoto kuanguka, au lenye joto na homa, hilo si la mpira. Lisikandwe, lipelekwe kesho yake asubuhi.

Mama mmoja alituambia: basi wasichana waache mpira. Tunamwelewa, kwa sababu ni kweli wasichana hukata kamba hii mara mbili au tatu kuliko wavulana wanaocheza mchezo uleule. Lakini katika Norway walijaribu na wasichana karibu 1,900 wa miaka 13 mpaka 17. Kundi moja lilifanya mazoezi ya kupasha mwili ya dakika 20 kabla ya mpira, yale ya FIFA yanayoitwa 11+: kukimbia taratibu, kusimama kwa mguu mmoja, kuchuchumaa, kuruka na kutua magoti yakiwa yamekunjwa na yasiingie ndani. Matokeo yalitoka mwaka 2008: majeraha yalipungua kwa theluthi moja, na yale makali kwa karibu nusu. Hakuna kilichonunuliwa isipokuwa dakika 20.

Kwa hiyo siku ya posho saa tisa tutakuwa kiwanjani, upande wa mchanga, changarawe tumeanza kuiondoa na tunahitaji majembe na vikapu. Tunaomba kila kikundi kitume mama mmoja aje kujifunza mazoezi hayo ili timu ya mtaa wake isitutegemee sisi. Binti atapiga filimbi. Nyanya amesema atakuja kuhesabu.